Kamati Isiyo na Mwenyewe

Kila Jumatano asubuhi, katika ukumbi wa ghorofa ya juu, chai iliandaliwa kwa ajili ya mkutano usio na mtu. Vikombe vilipangwa, chupa za chai zikajazwa, sambusa zikafunikwa kitambaa, mlango ukafungwa kwa heshima zake zote, na nje skrini ndogo ikaandika kwa rangi nyekundu: Kamati ya Maono, kikao kinaendelea. Ndani vilikuwa vinaendelea viti.

Ndivyo mambo yalivyokuwa katika wakala mmoja wa umma pale Kacyiru, mtaa wa ofisi za serikali, wenye jina rasmi refu kiasi kwamba wenyewe walichoka kulitaja, wakauita Uratibu tu. Kamati ya Maono ilianzishwa na mkurugenzi wa kwanza, Bwana Mutsinzi. Aliiweka kwenye kalenda ya kompyuta ijirudie kila wiki bila kikomo, kisha akapandishwa cheo akaenda zake. Mkurugenzi wa pili hakuifuta. Wa tatu aliikuta akaizunguka kwa mbali, kama mtu anavyozunguka kaburi la mkwewe. Pale Uratibu kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote, na ndiyo peke yake iliyofuatwa: usifute kilichowekwa na mkubwa. Mkubwa aliyeondoka kwa kupanda anaweza kurudi akiwa juu zaidi, na swali lake la kwanza likawa, ile kamati yangu mmeipeleka wapi?

Basi chai ikaendelea kuandaliwa, na saa ya kikao ilipokwisha madereva na wasafishaji wakaingia kwa mlango wa nyuma, wakazimaliza sambusa zile zingali na joto.

Mugenzi alikuwa mmoja wa hao walaji. Alikuwa dereva wa mkurugenzi, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, aliyekulia Karagwe upande wa Tanzania na kurudi nyumbani na Kiswahili chake chote na hasira zake nusu. Nusu nyingine aliipata hapa hapa. Shule aliiacha mapema. Sheria za kazi alijifundisha mwenyewe kwenye usukani, akimsubiri mkurugenzi nje ya kila jengo la mji huu lenye mlango wa kioo. Wengine husubiri wakilala. Yeye alisubiri akisoma vijitabu vilivyokunjika pembe, na alichokisoma hakikumtoka. Aliyakumbuka yote. Alikumbuka siku walipoletewa ubao mweupe wa ratiba, wakaambiwa sasa wakubwa na wadogo wataonana kwa urahisi. Alikumbuka kompyuta za kwanza zilipokuja na maneno yale yale. Kila kifaa kipya kilipofika, ngazi ya kumfikia bosi ilirefushwa kidogo, na kilichoirefusha kikaitwa maendeleo.

Kwa kuwa alikumbuka na hakunyamaza, wafanyakazi walimchagua awe mwakilishi wao. Ukweli ni kwamba hakuna mwingine aliyegombea.

Sasa mwezi ule tangazo lilibandikwa karibu na lango la jikoni. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata, madereva, wasafishaji na watu wa jikoni wangekabidhiwa kwa kampuni ya nje, kwa kuwa hawamo katika "kazi ya msingi" ya Uratibu. Kampuni hiyo ingeajiri upya. Mugenzi alijua maana ya kuajiri upya ukiwa na mvi. Mukabalisa, aliyesafisha jengo lile tangu halijawekwa vioo, alijua pia, ingawa hakuna aliyemfafanulia.

Lakini kanuni za Uratibu wenyewe zilisema kitu. Zilisema mwakilishi wa wafanyakazi asikilizwe kwanza, tena katika kikao cha uongozi. Mwezi ukiisha pasipo pingamizi kupokelewa kikaoni, ichukuliwe kwamba wafanyakazi wameridhia. Mugenzi alikuwa na pingamizi, alikuwa na mdomo. Alichokosa ni kikao.

Akaenda kwa Liliane, katibu muhtasi wa mkurugenzi, aliyeitunza kalenda ile kama mama anavyotunza ufunguo wa kabati la sukari.

"Kaka Mugenzi," Liliane alisema akipekua skrini, "naona Alhamisi imejaa. Ijumaa imejaa. Jumanne mchana kuna hii, Tafakuri ya Kimkakati."

"Hiyo naijua. Iko baa moja ya Gisimenti, ina mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Mimi ndiye ninayempeleka bosi."

Liliane alifunika mdomo kwa kiganja. "Utanitoa kazini, wewe."

"Mimi ndiye ninayetolewa, dada. Niandike hata dakika za kupiga chafya."

"Jaribu wiki ijayo."

Wiki iliyofuata akamwambia ajaribu wiki ijayo. Mtu anaweza kupigwa kalenda hivyo mpaka akasahau alichokuja kusema, na wapo waliosahau. Mugenzi akaona, kama bosi hapatikani ofisini, si yumo ndani ya gari kila siku, kiti cha nyuma, hana pa kukimbilia? Wakiwa kwenye mataa akamtazama kwenye kioo.

"Bosi, lile jambo la wafanyakazi."

Mkurugenzi, Bwana Gatera, alikulia Uganda, na Kiswahili alikitumia kama koti la mtu mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Ubaya unahitaji muda, na muda ndio hasa aliosema hana.

"Mugenzi, hapa iko gari, haiko mkutano. Mambo ya mkutano inapita kwa kalenda. Sisi wote tunaheshimu kalenda."

"Ndiyo, Bosi."

"Mimi mwenyewe naheshimu."

Siku mbili tatu baadaye wafanyakazi wote waliitwa ukumbini. Aliyezungumza ni Madamu Kabagwira, naibu mkurugenzi wa utawala, mwanamke mwenye sauti ya kutangaza ndege. Alisema Uratibu unapandisha seva yake ya kalenda na ushirikiano kwenda toleo jipya. Neno ushirikiano alilitaja mara nyingi, akiwa amesimama jukwaani peke yake. Mfumo mpya, alisema, utajua nani kaingia kikaoni na nani kakwepa, na utapeleka alama moja kwa moja kwenye imihigo, yaani zile ahadi za kazi ambazo kila mtu wa serikali anatia saini mwanzo wa mwaka na kupimwa nazo mwisho wake. Kikao kisichotoa azimio kitahesabiwa hakikufanyika. Asiyebonyeza kukubali au kukataa azimio atahesabiwa hakuwepo. Anayekataa ataandika sababu, na sababu itawafikia waalikwa wote.

"Kwa uwazi," alisema Madamu Kabagwira.

Watu walipiga makofi. Huwa wanapiga.

"Na mpaka mfumo ukae sawa," aliongeza, "kalenda imefungwa. Mikutano iliyomo itaendelea kama ilivyo. Mpya haitaingizwa mpaka mwezi ujao."

Mugenzi akainua mkono. "Madamu, wafanyakazi wana haki ya kusikilizwa kabla ya mwezi kuisha. Kikao chao kitaingiaje?"

"Hakitaingia, Mugenzi. Si kwamba tunakataa. Mfumo ndio haukubali." Akatabasamu kwa huruma halisi. "Hata mimi nimefungiwa."

Hapo ndipo Mugenzi alipouona uzuri wa jambo lile, kama fundi anavyouona mshono wa fundi mwenzake hata kama shati ni la mwizi. Hakuna aliyemnyima kikao. Hakuna wa kumshitaki. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ila kizingiti kilikuwa kinafanyiwa ukarabati.

Kazi ya kuhamisha mfumo ilikuwa ya Usumani, fundi wa kompyuta, mtu wa Nyakabanda, mtoto wa mshona nguo, ambaye wazee wa wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani wakasahau kurudi. Kiswahili cha kwao hakikuwa cha kuazima, na kwa sababu hiyo yeye na Mugenzi walipendana. Chumba cha seva kilikuwa zamani stoo ya mafagio. Seva ilipokuja, mafagio ya Mukabalisa yalihamishiwa chini ya ngazi, na feni yake ikabaki na seva.

Ijumaa mchana, kazi ya kuhamisha ikiwa imeanza, Mugenzi alimkuta Usumani amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mashavuni, mbele ya skrini iliyoganda.

"Vipi, Sheikh, imekufa?"

"Haijafa. Inanihoji." Usumani alisogea amuonyeshe. "Nakala za akiba nimeshachukua, anwani za watu zimehama, mikutano yote imehama. Umebaki mmoja tu. Mfumo wa zamani ulikuwa mpole. Mkutano usipokuwa na mwenyewe unauacha ujiendee. Huu mpya hauna haya. Unauliza, nani mwenye huu? Usipomtaja mtu aliyeko kazini leo, hausogei. Kamati ya Maono imekaa mlangoni kama mama mkwe."

"Ifute."

"Nani, mimi?" Usumani akacheka kicheko kikavu. "Mimi nina watoto, Mugenzi. Bwana Mutsinzi bado yumo kwenye orodha, kwa jina lake, si wa kuhudhuria bali mwanzilishi wa kuarifiwa kitu kikifutwa au kukataliwa. Ukifuta, mfumo unamwandikia hapo hapo: kamati uliyoianzisha inafutwa, na aliyefuta ni fulani."

"Basi waambie wakubwa mmoja wao aipokee."

"Nimetoka huko. Mkurugenzi anasema weka mtu yeyote, asiwe yeye. Anajua atakayeandikwa ndiye atakayeulizwa kwa nini haijawahi kukaa. Mkuu wa fedha anasema yuko likizo, na alikuwa amesimama mbele yangu. Madamu Kabagwira ndiye aliyenijibu." Usumani akatoa simu mfukoni. "Usinikasirikie. Alisema, mwandike mwakilishi wa wafanyakazi. Si ndiye kila siku analilia kikao? Yeye ndiye mwenye muda. Ofisi nzima wakacheka."

Feni ya Mukabalisa iligeuka kushoto, ikageuka kulia.

"Nikamwomba aniandikie," Usumani akaendelea. "Maana siku ya kuulizwa mimi sitaki kuwa peke yangu. Akaniandikia pale pale kwenye simu, na kijiuso cha kucheka juu yake. Hii hapa. Lakini wallahi, ukisema hapana, sikuandiki. Hawa wamefanya mzaha, kesho mzaha ukigeuka ni wewe utakayebebeshwa. Dereva kuwaita wakurugenzi? Watasema umewapanda kichwani."

Mtu mwenye kumbukumbu fupi angekataa, au angekubali kwa ushujaa. Mugenzi alifanya yote mawili kichwani, taratibu. Alijua dereva mwenye kiburi hafukuzwi kwa kiburi. Hufukuzwa kwa mkwaruzo wa gari, kwa kuchelewa, kwa kitu chochote kilicho karibu. Angeweza kutoka pale bila kazi kabla hata ya hiyo tarehe mosi. Lakini tarehe mosi ilikuwa inakuja kwa vyovyote, naye hakuona tofauti kubwa kati ya kutupwa kwa utaratibu na kutupwa kwa hasira. Kule kwa hasira angalau mtu anakutazama.

"Nikiandikwa, nakuwa nani?"

"Unakuwa mwenye kikao. Mwaliko unatoka kwa jina lako. Unakalia kiti cha mbele. Ajenda unajaza wewe."

"Na waalikwa?"

"Wale wale. Mkurugenzi, naibu, wakuu wa idara. Kuhudhuria ni lazima. Mutsinzi alikuwa mkali."

"Andika."

Usumani akaandika. Skrini iliyoganda ikapumua, mstari wa kijani ukakimbia mpaka mwisho, na mfumo mpya ukawashukuru wote wawili kwa uvumilivu wao.

Jumatatu asubuhi simu za Uratibu zililia kwa pamoja, kama kuku walioona kivuli cha mwewe. Mugenzi alikuwa anaosha gari. Kupitia madirishani aliona vichwa vikiinama, kisha vikiinuka, kisha vikitafutana. Ujumbe ulikuwa mfupi: Mugenzi anakualika kwenye Kamati ya Maono, Jumatano, ukumbi wa juu. Kuhudhuria ni lazima. Jumatano ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya mwezi.

Haikupita muda akaitwa kwa Madamu Kabagwira. Usumani alikuwa ameshafika, amesimama karibu na mlango.

"Nani amefanya huu upuuzi?" aliuliza Madamu.

"Wewe, Madamu," Usumani alijibu kwa adabu, simu mkononi. "Maandishi yako ninayo."

Aliutazama ujumbe wake mwenyewe kwa muda mrefu kuliko urefu wa ujumbe wenyewe. "Ulikuwa utani."

"Mfumo hauna sehemu ya utani, Madamu."

"Basi futa."

"Mwenye kikao ndiye anayeweza kufuta. Na akifuta, mwanzilishi anaarifiwa, na anaulizwa kama ameridhia. Leo nafasi yake ni kubwa sana, Madamu, huenda hata hakumbuki. Atakumbuka akisoma."

Madamu Kabagwira alimgeukia Mugenzi, na kwa mara ya kwanza tangu amjue akamwonyesha kiti. "Mugenzi, wewe ni mtu wetu. Utafuta?"

"Mimi nifute alichoweka mkubwa?" Mugenzi aliuliza. Hakuketi. "Hapa kwetu nani amewahi kufanya hivyo, Madamu?"

"Basi watu wasije. Utakaa peke yako na sambusa."

"Sawa. Ila mfumo utaandika nani hakuja. Wewe ndiye uliyetueleza ukumbini, tena vizuri sana."

Usumani akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayelinda mshahara wake.

Jumatano Mukabalisa alipanga vikombe kama kawaida, akasimama pembeni na chupa ya chai, akingoja kuona kama itamiminwa kwa mtu. Walikuja. Mkuu wa fedha, aliyerudi kutoka likizo aliyokuwa hajaenda. Wakuu wengine wawili watatu, wakitembea kama watu walioitwa polisi kutoa ushahidi. Madamu Kabagwira na uso wake wa kazi. Mwisho mkurugenzi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele, kwa mazoea ya miguu, akamkuta dereva wake amekikalia.

"Mugenzi."

"Karibu, Bosi. Kuna nafasi pale karibu na dirisha, kuna hewa."

Gatera alitazama skrini ya ukutani. Iliandika jina la mwenyekiti kwa herufi kubwa, na chini yake: ajenda haijajazwa. Akaenda dirishani akaketi. Kalenda aliiheshimu, hilo hakusema uongo.

"Sawa," alisema. "Sasa hii Kamati ya Maono kazi yake iko gani?"

Hakuna aliyejua. Walitazamana kwa zamu. Mkuu wa fedha alipendekeza kwa sauti ya chini kwamba labda ni maono.

"Mimi naona hivi," alisema Madamu Kabagwira. "Tumehudhuria, tumehesabiwa. Kwa kuwa hakuna ajenda, tufunge."

"Tukifunga bila azimio," Mugenzi alisema, "tunahesabiwa hatukukaa. Alama zinashuka." Akavuta kibodi karibu, akaanza kuandika ajenda kwa kidole kimoja. Waliyasoma maneno yakizaliwa ukutani herufi kwa herufi, bila kuweza kuyaharakisha wala kuyazuia: Kukabidhiwa kwa madereva, wasafishaji na watu wa jikoni. Mwakilishi wa wafanyakazi asikilizwe.

"Hii iko mtego," alisema Gatera polepole.

"Mtego hutegwa na mwindaji, Bosi. Mimi nimeletewa ukiwa umeshategwa. Nitasema kwa ufupi, maana nimekuwa na muda wa kutosha kufupisha." Akaondoa mkono kwenye kibodi. "Mmeandika kwamba hatumo kwenye kazi ya msingi. Nimetafuta kazi ya msingi ya Uratibu ni nini. Nikakuta ni kukutanisha watu. Sasa mimi nimewakutanisha watu tangu enzi za Bwana Mutsinzi, na sijawahi kufika nimechelewa. Yule mama aliyeshika chupa amefungua ukumbi huu asubuhi zote, hata zile ambazo ninyi wenyewe hamkuja. Mkimpeleka kwa kampuni atakuja kufagia hapa hapa, kwa fagio hili hili, ila hatakuwa na wa kumlalamikia. Nyinyi mtasema nenda kwa kampuni. Kampuni itasema nenda kwa Uratibu. Hiyo ndiyo kazi mnayotaka kuinunua: mtu wa kutujibu kwamba si ninyi."

"Unazidisha," alisema mkuu wa fedha.

"Inawezekana. Mukabalisa, mimi nazidisha?"

Mukabalisa hakutegemea kuulizwa. Aliweka chupa chini. Alijibu kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei.

"Mimi nilitaka kujua jambo moja tu. Hiyo kampuni ikisema mimi ni mzee, sare hii nairudisha kwa nani? Kwenu au kwao?"

Mmoja wa wakuu alianza kucheka, akaona hacheki mwingine, akamalizia kwa kunywa chai. Gatera alikuwa ameinamisha kichwa anachezea kijiko. Alionekana kama mtu anayehesabu, lakini hakuwa na namba.

"Azimio," alisema Mugenzi, akaandika tena kwa kidole kile kile. Kamati imemsikiliza mwakilishi wa wafanyakazi. Pingamizi limepokelewa. Suala lipelekwe kwenye bodi inayosimamia Uratibu, na hakuna atakayekabidhiwa kabla bodi haijaamua. Akabonyeza. Simu zote mezani ziliwaka, kila moja ikiuliza swali moja: unakubali, au unakataa?

Hakuna aliyegusa. Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake. Kikao kingejifunga chenyewe saa ikigonga, na Mugenzi hakuwa na neno jingine. Lote alilokuwa nalo alikuwa ameliweka pale ukutani. Kama wangeamua kupoteza alama zao, wote kwa pamoja, wangekuwa wamemshinda. Lakini jambo la pamoja ndilo hasa ambalo Uratibu haukuwahi kulimudu.

Wa kwanza alikuwa Madamu Kabagwira. Alikuwa anatafuta cheo mahali, kila mtu alijua, na mwaka wake wa imihigo ulikuwa safi mno usitiwe doa na dereva. Alibonyeza akiwa anatazama dari. Mkuu wa fedha alipoona naibu amebonyeza, akabonyeza kabla hajaulizwa mbona hajabonyeza. Wengine wakafuata. Akabaki Gatera.

"Nikikataa?" aliuliza.

"Unaandika sababu, Bosi," alisema Madamu Kabagwira kwa sauti ndogo, "na inakwenda kwa waalikwa wote."

"Wote?"

"Na Bwana Mutsinzi."

Mkurugenzi alifikiri. Labda alijaribu kuitunga hiyo sababu kichwani, aone inavyosomeka mtu mkubwa akiisoma mbele ya watu: nimekataa wafanyakazi wasikilizwe. Kisha akaweka kidole kwenye simu, akabonyeza kukubali, ukuta ukaandika kwa kijani: kikao kimefanyika. Kamati ya Maono ilikuwa imekaa.

Kule chini, chini ya ngazi kwenye mafagio, watu wa jikoni na madereva walikuwa wanangoja. Mukabalisa ndiye aliyewafikia kwanza.

"Tunabaki," aliwaambia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka wale wa bodi wakae."

Wengine walishukuru Mungu. Wengine, waliokaa Uratibu muda mrefu, waliuliza bodi ilikaa lini mara ya mwisho, na wakashukuru zaidi.

Mchana ule Mugenzi alileta gari mlangoni kama siku zote. Gatera alipanda nyuma, hakufungua simu, hakufungua faili. Alikaa tu. Walikuwa hawajafika getini aliposema:

"Ulipanga kitambo?"

"Sikupanga, Bosi. Nilipangiwa. Mimi nilikubali tu."

"Na wiki ijayo hiyo kamati inakaa tena."

"Inajirudia. Haina kikomo."

"Sasa utatuita kwa nini tena? Umekwishapata chako."

Mugenzi kweli hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa ametafuta Jumatano moja tu, na hakuna aliyemfundisha la kufanya na zinazofuata. Alipunguza mwendo. Mlinzi alikuwa anafungua geti, mtu mrefu aliyeinama kidogo, sare yake ya kampuni ikimbana mabegani kwa kuwa ilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Alipiga saluti kwa gari, si kwa mtu.

"Huyu unamjua jina, Bosi?"

Gatera aligeuka akamtazama kupitia kioo cha nyuma, kwa bidii, kama mwanafunzi aliyeulizwa asichosoma. "Hapana."

"Anaitwa Kaze. Alikuwa wetu, kabla walinzi hawajakabidhiwa. Wao walipelekwa kimya kimya, hapakuwa na aliyewasikiliza."

Waliteremka kilima. Pikipiki ziliwapita kulia na kushoto. Hatimaye mkurugenzi akakohoa.

"Jumatano mimi nitakuwa na safari."

"Hakuna shida," alisema Mugenzi, akiingia barabara kuu. "Si naendesha mimi? Nitakurudisha mapema."